Wapiga kura si mifugo ya kuswagwa

Ndugu Mhariri,

Barua yangu ni ndefu kidogo, lakini jambo lenyewe ni zito na linamhusu kila mwenye kadi ya kupigia kura.

Jambo hilo ni tabia ya viongozi wa vyama vya siasa, wa chama tawala na wa vyama vya upinzani pia, kuwazungumzia wapiga kura kana kwamba ni mifugo yenye chapa ubavuni. Utamsikia mmoja akisema mkoa fulani ni ngome yake. Mwingine anatangaza kuwa amehama chama pamoja na "watu wake" elfu kadhaa. Wa tatu anadai kabila fulani au dini fulani ni kura za mfukoni. Hapa kwetu Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, sote tunajua maana ya kuswaga ng'ombe kwenda mnadani. Ng'ombe haulizwi anataka kwenda mnada gani. Je, mpiga kura naye ndivyo alivyo?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na somo langu ni hisabati. Nimechukua matokeo ya kura za urais yaliyotangazwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi tangu mwaka 1995, nikayapanga safu kwa safu kama ninavyowapangia wanafunzi wangu. Nimeona kwamba makundi ya wapiga kura huhama kweli kutoka chama kimoja kwenda kingine, lakini hayahami kwa namna wanasiasa wanavyodhani.

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, tukumbuke tulikotoka. Wako wanaodhani kuhama kwa kura kulianza vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Si kweli. Mwaka 1958, baada ya mkutano wa TANU wa Tabora kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ndugu Zuberi Mtemvu alijitoa TANU akaanzisha chama chake cha ANC. Hakuwa mtu mdogo, kwani alikuwa miongoni mwa viongozi waliozunguka nchi kukijenga chama. Lakini katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1962 alipata kura 21,276, na Mwalimu Nyerere akapata 1,127,978. Mtemvu alihama, watu wakabaki.

Kisha ukaja mfumo wa chama kimoja mwaka 1965. Wazee wa hapa kwetu bado wanakumbuka alama za jembe na nyumba. Wagombea wawili wa ubunge, wote wa TANU, walisimama mbele ya wananchi, mmoja akapewa jembe na mwenzake nyumba. Mwaka huohuo wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa nchi nzima. Chama hakikubadilika hata nukta moja, lakini kura zilihama. Mwananchi wa Tanzania alijifunza kuadhibu na kuzawadia kwa kura muda mrefu kabla hajaona bendera ya chama cha pili.

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takriban watu 80 katika kila 100 waliohojiwa walisema mfumo wa chama kimoja uendelee. Wako waliodhani, kwa hesabu hiyo, kwamba upinzani hautazidi watu 20 katika 100. Lakini mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Rais Benjamin Mkapa alishinda kwa asilimia 61.8. Maana yake watu 38 katika kila 100 waliopiga kura halali walichagua mgombea asiye wa CCM. Mtu aliyesema mwaka 1991 kwamba hataki vyama vingi alikuwa na hiari, vilipokuja, ya kuvichagua. Maoni ya jana si hati ya kumiliki kura ya kesho.

Sasa, Ndugu Mhariri, nieleze kidogo namna ya kuzisoma hesabu hizi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Darasani nina daftari la mahudhurio. Jana walihudhuria wanafunzi 40 na leo 40. Mkaguzi akiangalia jumla tu atasema hakuna kilichobadilika. Lakini yawezekana watano wa jana leo hawapo, na watano waliokuwa wagonjwa jana wamerudi. Kura nazo ni vivyo hivyo. Jumla ya chama ikipungua, kuna njia tatu: watu wamehamia kwingine, au wamebaki nyumbani, au wamefariki na vijana waliochukua nafasi yao wamechagua kingine. Mwanasiasa huiona njia ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo inayopigiwa makofi mkutanoni.

Tuanze na mfano wa ndugu Augustino Mrema, aliyefariki mwaka 2022. Alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani, akatoka CCM mwaka 1995 na kuingia NCCR-Mageuzi. Nani asiyekumbuka jinsi watu walivyolisukuma gari lake kwa mikono? Mwaka huo alipata kura 1,808,616, yaani asilimia 27.8. NCCR ikapata wabunge wa majimbo 16. Mwaka 1999, baada ya ugomvi ndani ya chama, akahamia TLP. Kama wapiga kura wangekuwa ng'ombe, wangemfuata wote. Mwaka 2000 alipata kura takriban 637,000. Kwa kila kura tatu alizopata akiwa NCCR, TLP aliingia na moja tu na ushee. Na NCCR je, ilibaki na zile mbili? Hapana. Chama hicho kiliambulia jimbo moja nchi nzima. Hivyo kiongozi alipoteza na chama kilipoteza, wakati wagombea wengine waliongezeka: Mkapa kwa kura zaidi ya milioni 1.8, na Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, ambaye safari hiyo aliungwa mkono na CHADEMA, kwa zaidi ya laki tisa. Mwaka 2005 Mrema alipata chini ya asilimia moja.

Lakini tazameni jimbo la Vunjo, nyumbani kwake Kilimanjaro. Mwaka 2005 Vunjo ilichagua mbunge wa CCM. Mwaka 2010 ilimchagua Mrema wa TLP. Mwaka 2015 ilimwacha Mrema ikamchagua James Mbatia wa NCCR, chama kilekile ambacho Mrema alikikimbia. Mwaka 2020 jimbo likatangazwa la CCM. Majina manne ya washindi katika chaguzi nne, na vyama vitatu. Sasa mtu aniambie Vunjo ni ngome ya nani.

Atatokea msomaji aseme: Mwalimu, mbona Pemba walihama wote kwa siku moja? Ni hoja nzuri na inataka jibu. Ni kweli kwamba Pemba ilisimama na CUF tangu mwaka 1995. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka huo Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad. Mwaka 2005 na mwaka 2010 CUF ilichukua majimbo yote 18 ya uwakilishi kisiwani Pemba. Tarehe 18 Machi 2019, Mahakama Kuu ilipoutambua uenyekiti wa Profesa Lipumba ndani ya CUF, Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo. Wafuasi wake wakaita ni kushusha tanga na kupandisha tanga. Ofisi zilizokuwa za CUF zilipakwa rangi ya chama kipya, na katika uchaguzi wa mwaka 2020 ACT ndiyo iliyokuwa ya pili Zanzibar huku CUF ikibaki na kura kiduchu.

Je, huko si kuswagwa? Nasema sivyo. Kwanza, kundi lile lilikuwa na historia yake kabla ya Maalim Seif kuwa kiongozi wake. Kabla ya uhuru Pemba ilikuwa na chama cha ZPPP cha Mohamed Shamte, kilichozaliwa mwaka 1959 kwa kumeguka kutoka Afro-Shirazi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, na ZNP pamoja na ZPPP wakaunda serikali kwa viti 18. Kwa hiyo mawazo ya watu wa Pemba juu ya nafasi yao ndani ya Zanzibar yameishi katika zaidi ya chama kimoja: ZPPP, kisha CUF, kisha ACT. Jahazi lilibadilika, shehena ni ileile. Pili, Maalim Seif alifariki Februari 17, 2021, lakini uchaguzi wa 2025 ulipofika ACT ilishika tena nafasi ya pili Zanzibar. Kama watu walikuwa wake yeye binafsi, wangetawanyika baada ya mazishi. Walimfuata kwa kuwa alibeba haja yao, na haja ilibaki alipoondoka.

Sasa linganisheni Mrema na Maalim Seif mtaona kanuni. Kundi huhama zima pale tu linapokuwa na jambo lake lenyewe, linalolijua, na kiongozi anapokuwa mchukuzi wa jambo hilo. Pale ambapo watu wamevutwa na jina la mtu na hasira za mwaka mmoja, mtu huyo akihama huondoka na theluthi, na waliobaki hutawanyika.

Nakuja kwenye hesabu ambayo naomba viongozi wote waisome mara mbili. Mwaka 2005 Rais Jakaya Kikwete alichaguliwa kwa kura 9,123,952, sawa na asilimia 80.3. Mwaka 2010 alichaguliwa tena kwa kura 5,276,827. Zilipotea kura zaidi ya milioni 3.8 katika miaka mitano. Mgombea wa CHADEMA, Dk. Willibrod Slaa, alipata kura takriban milioni 2.27, wakati Freeman Mbowe wa chama hichohicho alikuwa amepata takriban laki 6.7 mwaka 2005. CHADEMA iliongeza kura milioni 1.6. Profesa Lipumba wa CUF naye alipungukiwa na kura kama laki sita.

Toeni wenyewe. Hata tukisema kura zote mpya za CHADEMA zilitoka CCM, jambo ambalo haliwezekani kwa kuwa CUF nayo ilipungua na vijana wapya walikuwapo, bado kuna kura zaidi ya milioni 2.2 za CCM ambazo hazikwenda CHADEMA wala CUF. Zilikwenda wapi? Jibu liko kwenye daftari la mahudhurio. Mwaka 2005 walijitokeza watu 72 katika kila 100 waliojiandikisha. Mwaka 2010 walijitokeza chini ya 43. Walioandikishwa waliongezeka kutoka milioni 16.4 hadi milioni 20.1, lakini kura halali zilipungua kwa karibu milioni tatu. Kura zile zilikwenda nyumbani, Ndugu Mhariri. Wenyewe walikwenda shambani, au walikaa barazani.

Hili ndilo fundisho kubwa kupita yote. Mpiga kura anayekichoka chama chake mara nyingi hatoki hapo akaingia moja kwa moja katika chama cha jirani. Hupitia kwanza nyumbani. Chama alichokipenda hakimtukani wala hakiandamani dhidi yake, kwa hiyo hakimwoni akiondoka. Kiongozi anatazama upande wa wapinzani, anaona hawajaongezeka sana, anasema mambo ni shwari. Kumbe nyuma yake zizi limeachwa wazi.

Na waliopitia nyumbani wanaweza kutoka tena. Mwaka 2015 walijitokeza watu 67 katika 100. Ndugu Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa ajili ya mkataba wa Richmond, alitoka CCM Julai 2015 na kusimama kwa tiketi ya CHADEMA, akiungwa mkono na vyama vya UKAWA. Alipata kura 6,072,848. Watu wakasema ameivunja CCM vipande viwili. Lakini Dk. John Magufuli wa CCM alipata kura 8,882,935, yaani zaidi ya kura milioni 3.6 juu ya zile za CCM za mwaka 2010. Pande zote mbili ziliongezeka! Huwezi kuivunja nyumba na ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Kilichotokea ni kwamba ushindani uliwatoa watu majumbani, wengine wakaingia huku na wengine kule. Na tusisahau kwamba kura hizo za CCM za 2015 bado zilikuwa chache kuliko zile za 2005, ingawa walioandikishwa walikuwa wamezidi kwa zaidi ya milioni sita na nusu.

Wapo waliomfuata Lowassa kweli. Monduli, jimbo aliloliongoza kwa miaka mingi, lilimchagua mbunge wa CHADEMA mwaka ule. Mwenyewe alirudi CCM Machi 1, 2019, na alifariki Februari 2024. Lakini milioni sita zile hazikuwa mali yake ya kurudisha. Hazikuwa amana ya benki.

Ushahidi mwingine ulipatikana mara baada ya hapo. Kuanzia mwaka 2017 wabunge na madiwani wengi wa upinzani walihamia CCM kwa kauli ya kuunga mkono juhudi za Rais. Wengine walipewa nafasi ya kugombea tena viti vilevile. Jimbo la Kinondoni, Dar es Salaam, ni mfano mmoja. Mbunge aliyeshinda mwaka 2015 kwa CUF alijiuzulu Desemba 2017, akagombea kwa CCM Februari 2018, akashinda. Ukisoma jina la mshindi utasema jimbo limehama na mbunge wake. Ukisoma idadi ya waliopiga kura utaona ni wachache mno ukilinganisha na mwaka 2015. Mbunge alihama, na sehemu kubwa ya waliomchagua walibaki nyumbani.

Majirani zetu wa Kenya nao wametupa somo. Huko watu husema wazi kwamba kura ni za makabila. Haya, tutazame. Mwaka 2007 Wakalenjin wengi walimpigia Raila Odinga wa ODM, na Wakikuyu wengi wakampigia Mwai Kibaki. Baada ya matokeo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, hasa katika Bonde la Ufa. Mwaka 2013 makundi hayohayo mawili yalipiga kura upande mmoja, kwa Uhuru Kenyatta na William Ruto. Mwaka 2022 Rais Kenyatta aliwaomba watu wa Mlima Kenya wamchague Raila, na wengi wao wakamkatalia mtoto wa nyumbani mchana kweupe, wakampa kura Ruto, aliyeshinda kwa asilimia 50.49. Hata pale ambapo kabila linahesabiwa kama chama, kiongozi hawezi kulibeba asikotaka kwenda.

Msomaji ataniuliza kwa nini sijazungumzia miaka ya karibuni. Nazungumza, lakini kwa tahadhari ya mwalimu wa hisabati. Mwaka 2020 Dk. Magufuli alitangazwa mshindi kwa kura milioni 12.5, sawa na asilimia 84, na ndugu Tundu Lissu, mwana wa mkoa wetu huu wa Singida, akapata asilimia 13. Vyama vya upinzani vilikataa matokeo hayo. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa katika karatasi ya kura, na Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia zaidi ya 97. Siku ile ya Oktoba 29 na zilizofuata zilikuwa na vurugu na vifo ambavyo taifa bado linaviombolezea. Mimi siwezi kupima kuhama kwa wapiga kura mahali ambapo chama kimoja kati ya viwili havipo kwenye mizani. Mwanafunzi aliyepewa swali lenye jibu moja tu la kuchagua, huwezi kujua kama amelielewa somo. Kwa hiyo anayesema asilimia 97 zinaonyesha kwamba wapinzani wote wamehamia CCM, anasoma kitu ambacho hakikuandikwa pale. Aliye ndani ya CCM na anaipenda, ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kutilia shaka hesabu isiyomwambia nani amekaa nyumbani na kwa nini.

Mkoa wetu wa Singida nao ni shahidi. Umekuwa ukihesabiwa kuwa wa CCM tangu zamani, na sehemu zetu za Iramba na Mkalama zimeendelea kuchagua CCM. Lakini Singida Mashariki, wakulima kama sisi, wenye alizeti na uwele kama sisi, na mvua haba kama zetu, walimchagua Lissu wa CHADEMA mwaka 2010 na tena mwaka 2015. Kama umaskini au udongo ungekuwa ndio unaopiga kura, tungepiga sawa. Tofauti ilikuwa ni nani aliyekwenda kwa wananchi, akazungumza nao juu ya michango, ardhi na machimbo, na akarudi tena baada ya kuchaguliwa.

Kwa nini basi nayasema haya yote? Si kwa ajili ya kufurahia namba. Ni kwa sababu imani hii kwamba watu ni mali ya chama inaleta madhara vijijini, mbali na kamera za waandishi. Katika kijiji kimoja nilichopata kufundisha zamani, mzazi mmoja wa mwanafunzi wangu alionekana kwenye mkutano wa chama kingine. Mahindi ya bei nafuu yalipokuja wakati wa njaa, jina lake halikusomwa. Aliyeshika orodha alisema eti "hao wana wenyewe". Yule mzazi hakuwa amechukua kadi yoyote, alikwenda kusikiliza. Mtoto wake alikuja shule na njaa wiki nzima. Mtoto wa darasa la pili ana chama gani?

Wenzetu wa Pemba walipitia hayo kwa ukubwa zaidi baada ya uchaguzi wa 1995. Watu walisusiana maduka, wakasusiana magari ya abiria, wakafika mahali pa kususiana misiba. Jirani alikufa na jirani hakwenda kuzika kwa sababu ya rangi ya bendera. Miaka ilipita, damu ilimwagika Januari 2001, ndipo wananchi wa Zanzibar walipopiga kura ya maoni Julai 31, 2010 na asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Waliosusiana walipiga kura upande mmoja siku ile. Hiyo nayo ni kuhama, tena kuhama kwa heri.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu. Ombi la kwanza ni kwa viongozi wa vyama vyote. Baada ya kila uchaguzi acheni kuhesabu asilimia peke yake. Chukueni idadi ya waliojiandikisha katika kila kata, mtoe waliopiga kura, kisha mwende mkawatafute waliobaki na kuwauliza kulikoni. Mwalimu ambaye nusu ya darasa lake halikuja hawezi kujisifu kwamba waliohudhuria wote wamefaulu.

Ombi la pili ni kwa viongozi wa vijiji na vitongoji, na kwa mabalozi. Orodha ya mahindi, ya mbolea ya ruzuku au ya kaya maskini si orodha ya chama. Ukimnyima mtu haki yake kwa sababu ya kura unayodhani atapiga, hujamrudisha kwenye chama. Umemsukuma nyumbani, na siku atakayotoka hutajua anakokwenda.

Ombi la tatu ni kwa wananchi wenzangu. Ndugu yako akibadili chama hajabadili ukoo. Mtu anayebadili kura yake baada ya kutafakari si msaliti. Anafanya kazi ileile ambayo wazee wetu waliifanya walipochagua baina ya jembe na nyumba. Na wewe uliyechoka na pande zote ukaamua kubaki barazani, ujue kwamba kukaa kwako kunasomwa na wenye vyama kama kuridhika. Kama hujaridhika, sema kwa njia ya amani, hudhuria mkutano wa kijiji, muulize diwani maswali, na pale penye wagombea wa kuchagua, chagua.

Vijana watakaopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2030 wako madarasani mwetu hivi leo. Hawakuiona TANU, hawakulisukuma gari la Mrema, na wala hawakumbuki ushindani wa 2015. Hakuna chama chenye hati ya kuwamiliki. Watakwenda kwa atakayewaeleza ukweli juu ya ajira, bei ya alizeti, maji na shule, na akirudi bila kutimiza watamwacha. Wanasiasa wasipolijua hilo mapema, watabaki na fimbo mkononi mbele ya zizi tupu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nduguti, Mkalama,
SINGIDA.